Daniel Defoe: Kusema kwa Kinywa cha Mwingine



Mwezi wa Januari mwaka 1703 gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilichapisha tangazo la kusakwa mtu. Umri wake, lilisema, wapata miaka 40. Kimo cha kati, mwili mwembamba. Nywele zake za rangi ya kahawia iliyoiva lakini huzifunika kwa nywele za bandia. Pua imepinda, kidevu kimechongoka, macho ya kijivu, na karibu na mdomo ana chunjua kubwa. Atakayesaidia akamatwe atapata pauni 50, fedha nyingi kwa siku zile. Jina lake Daniel Defoe. Hakuwa ameua mtu wala kuvunja duka. Alikuwa ameandika kijitabu chembamba, tena bila kutia jina lake.

Wengi wetu tumemjua Defoe kwa mlango mwingine, mlango wa Robinson Crusoe, yule bwana wa kisiwani mwenye mavazi ya ngozi za mbuzi na mwavuli wa kujitengenezea. Crusoe tutamfikia. Nataka kwanza tutazame kosa lililompeleka mwandishi wake jela, kwa sababu naamini kosa lile na riwaya ile ni matunda ya ufundi mmoja.

Defoe alizaliwa London mnamo 1660, mtoto wa James Foe, mtengeneza mishumaa ya shahamu. Hilo "De" la mbele alijiongezea mwenyewe alipokwisha kuwa mtu mzima. Lilikuwa na harufu ya ubwana. Ukoo wao ulikuwa wa Waprotestanti waliokataa kuabudu katika Kanisa la Uingereza, Kanisa la serikali. Watu hao, tuwaite Waliojitenga, hawakuwa na nafasi katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na sheria iliwafungia milango ya vyeo vya umma. Kijana Daniel akapelekwa Newington Green, kwenye chuo cha Charles Morton, ambako masomo yalifundishwa kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Wazazi walitaraji atakuwa mhubiri. Yeye akachagua biashara.

Na biashara aliifanya kama mtu anayecheza kamari. Soksi, mvinyo, tumbaku, bima ya meli wakati wa vita na Ufaransa. Mke wake, Mary Tuffley, aliyemwoa mwaka 1684, alikuja na mali ya pauni 3,700, kwa kuwa kwa desturi yao upande wa mke ndio uliotoa. Mali hiyo haikukaa. Wakati mmoja alinunua ngawa wapatao 70 ili auze zabadi, yale manukato ambayo watu wa pwani yetu wanayajua. Alinunua kwa mkopo, hakulipa, na katika purukushani ya madeni wale ngawa wakaishia kuuzwa kwa mama mkwe wake, ambaye baadaye aligundua kwamba mkwewe hakuwa na haki ya kuwauza. Mama mkwe akamshitaki. Mwaka 1692 Defoe alifilisika kabisa, deni likiwa pauni 17,000. Alijikokota akasimama tena kwa kiwanda cha matofali na vigae huko Tilbury, lakini wadai hawakumwacha mpaka siku ya kufa kwake. Ukitaka kujua kwa nini mtu huyu aliandika mno, na kwa nini mara nyingine alimwandikia yeyote mwenye kulipa, anzia kwenye daftari lake la madeni.

Sasa turudi kwenye kijitabu. Mwaka 1702 mfalme William wa Tatu alikufa, naye alikuwa amewalinda Waliojitenga, na Defoe alikuwa amemtetea kwa utenzi maarufu, The True-Born Englishman, uliowacheka Waingereza waliojivunia damu safi na kumdharau mfalme wao kwa kuwa alizaliwa Uholanzi. Akatawazwa malkia Anne. Wakali wa Kanisa la serikali wakaona zamu yao imefika. Mimbari zikaanza kutoa moto. Mwezi wa Desemba kikatoka kijitabu kiitwacho The Shortest Way with the Dissenters, yaani njia fupi kuliko zote ya kuwakomesha Waliojitenga. Msemaji wake anazungumza kama mmoja wa wale wakali: tumewavumilia vya kutosha, wahubiri wao wanyongwe, wafuasi wao wafukuzwe nchini, na mambo yaishe.

Wakali wengine wa Kanisa walikipokea kwa furaha, wakakisifu. Waliojitenga wakaingiwa na hofu. Baada ya siku kadhaa ikajulikana kwamba mwandishi ni Defoe, yeye mwenyewe mmoja wa Waliojitenga, na kwamba alikuwa anawaigiza wakali hao ili dunia isikie maneno yao yanavyonuka yakisemwa hadi mwisho. Waliokisifu wakaona wamevuliwa nguo hadharani. Waliotishika nao hawakucheka. Bunge likaamuru kitabu kichomwe moto na mnyongaji. Mwandishi akajificha hadi Mei, alipokamatwa Spitalfields katika nyumba ya mfumaji Mfaransa. Mdomo uliponza kichwa, ila huu haukuwa hata mdomo wake; ulikuwa wa kuazima.

Hebu tulifikirie kosa hilo kama mafundi. Kejeli ya kawaida hukonyeza jicho; mahali fulani mwandishi hukupa ishara kwamba anatania. Defoe hakukonyeza. Alimvaa mtu mwingine mzimamzima, kwa hoja zake na hasira zake, akapotelea humo. Kwa kijitabu cha siasa hilo ni balaa. Kwa riwaya ndilo jambo lenyewe.

Alihukumiwa faini, na kusimamishwa katika mkatale siku tatu mfululizo, tarehe 29, 30 na 31 Julai 1703, katika mitaa yenye watu wengi. Mkatale ule ulibana shingo na mikono, nao umati ulikuwa na ruhusa ya kumtupia aliyebanwa chochote, mayai viza, matope, hata mawe. Wako waliotolewa pale maiti. Defoe, akiwa bado gerezani, akatunga utenzi wa kuucheka mkatale wenyewe, ukachapishwa na kuuzwa mitaani siku zile zile. Masimulizi yanasema watu walimtupia maua na kunywa kwa afya yake. Maua au si maua, alitoka mzima. Aliporudishwa katika jela ya Newgate kiwanda cha matofali kilikuwa kinakufa, na nyumbani mke na watoto walikuwa hawana kitu.

Hapo akaingia Robert Harley, Spika wa Bunge, mwanasiasa mpole wa sura na mjuzi wa kutumia watu. Aliona kwamba kalamu kama ile ni hasara kuiacha ioze Newgate. Novemba 1703 Defoe akaachiwa, na tangu hapo akawa mtu wa Harley.

Wiki chache hazijapita, usiku wa tarehe 26 Novemba, kimbunga kibaya kuliko vyote katika kumbukumbu za Waingereza kikaipiga nusu ya kusini ya nchi. Mnara wa taa wa Eddystone ulisombwa na bahari pamoja na Henry Winstanley aliyeujenga. Maelfu ya mabaharia walizama. Defoe akafanya jambo ambalo leo kila chumba cha habari hulifanya bila kufikiri: alitia tangazo gazetini akiwaomba walioshuhudia wamwandikie waliyoyaona. Barua zikaja kutoka parokia na bandari, akazipanga, akazipima, akatoa kitabu, The Storm, mwaka 1704. Mimi nakihesabu miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za uandishi wa habari kama tunavyoujua, na ajabu yake ni kwamba kimetoka kwa mtu yule yule aliyetoka kufungwa kwa kuigiza.

Mwaka huo huo, Februari, akaanzisha gazeti la Review. Alilidumisha hadi 1713, kwa sehemu kubwa mara tatu kwa juma, karibu peke yake. Siasa, biashara, mambo ya Ufaransa. Tena palikuwa na sehemu ya kujibu maswali ya wasomaji kuhusu ndoa, ugomvi na adabu. Vipindi vya ushauri tunavyovisikia redioni usiku vina babu yao pale.

Na wakati huo huo alikuwa jasusi. Mwaka 1706 Harley alimtuma Edinburgh, kwa kuwa serikali ya London ilitaka Bunge la Uskoti likubali kuungana na la Uingereza, na mitaani Waskoti wengi walikuwa wakipinga kwa fujo. Barua yake moja kwa Harley inachekesha. Anajisifu kwamba hakuna anayemshuku, kwani kila mtu anamsemesha kwa lugha yake. Kwa wafanyabiashara amekuja kuunda meli. Kwa wanasheria anatafuta nyumba na shamba. Kwa mbunge huyu atashirikiana naye kiwanda cha vioo, kwa yule cha chumvi. Kwa watu wa Glasgow ni mchuuzi wa samaki, na kwa wa Aberdeen yuko katika sufu. Muungano ukapita mwaka 1707, na miaka miwili baadaye huyo huyo akauandikia historia kama mtazamaji asiye na upande. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Defoe ilikuwa ndefu.

Lililo baya zaidi lilijulikana mwaka 1864, zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake, barua zake zilipopatikana katika nyaraka za serikali. Baada ya 1714, chama kilichompinga Harley kiliposhika nchi, Defoe alikubali kuwatumikia hao nao. Akaingia katika gazeti la Nathaniel Mist, lililoshabikia ukoo wa kifalme uliopinduliwa, akajifanya mwenzao, na kwa siri akawa anazipunguza makali makala zao kwa niaba ya serikali. Kwa kipimo cha sisi tunaofanya kazi ya habari, mtu huyu angenyang'anywa kitambulisho. Siwezi kumtetea, wala deni si utetezi. Lakini jambo moja naliona: kwa miaka 15 mtu huyu alilipwa ili kila siku awe mtu mwingine, na yule mwingine aaminike.

Ndipo, tarehe 25 Aprili 1719, akiwa na umri unaokaribia miaka 60, akatoa Robinson Crusoe. Jalada halikuwa na jina la Defoe. Lilisema kwamba hayo ni maisha ya baharia wa York, na kwamba yameandikwa na mwenyewe. Katika muda wa miezi minne kikachapishwa mara nne.

Chanzo kimoja watu hukitaja daima: Alexander Selkirk, baharia wa Kiskoti aliyeachwa peke yake kwenye kisiwa cha Juan Fernández katika Bahari ya Pasifiki kuanzia 1704 hadi 1709. Mimi ningeongeza kwamba mwaka 1708 kilikuwa kimetoka London, kwa Kiingereza, Hayy ibn Yaqzan, kisa cha mwanafalsafa wa Andalusia, Ibn Tufayl, cha mtu aliyekulia peke yake kisiwani na kuitambua dunia na Mola wake kwa akili yake. Lakini ukivisoma vyote unaona tofauti upesi. Kijana wa Ibn Tufayl anatafakari nyota. Crusoe anahesabu misumari. Anaandika mabaya na mema ya hali yake katika safu mbili, kama mfanyabiashara anayelinganisha deni na akiba. Anakuta fedha katika meli iliyovunjika, anaitukana kwamba haina faida kisiwani, kisha anafikiri tena, anaichukua. Aliyewahi kufilisika ndiye anayeweza kuandika kituko hicho.

Makosa yamo. Mwaka ule ule Charles Gildon alimdhihaki Defoe kwa kumwandika Crusoe akivua nguo ili aogelee hadi melini, halafu akajaza biskuti mifukoni. Wasomaji hawakujali. Walikwisha kuamini.

Sisi Waafrika tunakisoma kitabu hiki kwa jicho la pili, na ni haki yetu. Crusoe mwenyewe alitekwa na maharamia wa Salé huko Moroko, akafanywa mtumwa, akatoroka kwa mashua pamoja na kijana aitwaye Xury. Xury alimtumikia kwa uaminifu. Walipookolewa, Crusoe akamwuza kwa nahodha Mreno kwa vipande 60 vya fedha, na baadaye akamkumbuka tu pale shamba lake la Brazil lilipokosa mikono ya kazi. Meli iliyomtupa kisiwani ilikuwa safarini kwenda Guinea kununua watumwa. Na Friday, ambaye Crusoe alimwokoa kutoka kwa maadui zake, hakuulizwa hata jina lake. Alipewa jina jipya, akafundishwa kumwita mwenziwe Bwana. Picha nyingi humchora Friday kama Mwafrika, lakini Defoe alimwandika kuwa mtu wa visiwa vya Karibi, mwenye nywele ndefu za singa.

Je, Defoe aliona ubaya wa utumwa? Aliuona. Mwaka 1702 alitunga utenzi uliowalaumu wanaouza watu. Kisha akawa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya biashara ya utumwa, na gazeti lake la Review likaitetea. Hapo hakuwa anaigiza mtu.

Mwaka 1720 akatuletea Captain Singleton. Watu wanaachwa Madagaska, wanavuka hadi pwani ya mashariki ya Afrika, kisha wanaamua kulitembea bara zima kwa miguu mpaka wafike pwani ya magharibi. Wanawateka wenyeji, wanawabebesha mizigo, wanaokota dhahabu na pembe za ndovu. Defoe hakuwahi kutia mguu Afrika. Alikuwa na ramani, vitabu vya mabaharia na ujasiri. Kama jiografia, ni upuuzi. Kama picha ya namna bara letu lilivyotamaniwa kutoka mbali, zaidi ya miaka 100 kabla ya safari za kina Livingstone, kinafaa kusomwa.

Mwaka 1722 ndio mwaka wake mkubwa. Januari alitoa Moll Flanders, maisha ya mwanamke aliyezaliwa Newgate, akaolewa mara tano, mara moja na nduguye bila kujua, akawa mwizi miaka 12, na mwisho akatajirika Virginia. Moll anajieleza mwenyewe, wala haombi radhi kwa kiasi ambacho utangulizi unadai. Machi kikaja kile ninachokipenda kuliko vyote, A Journal of the Plague Year.

Tauni ya London ilikuwa ya 1665. Defoe wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Msimulizi wake ni mtu mzima, mtengeneza matandiko ya farasi, anayetia sahihi H. F.; na Defoe alikuwa na amu yake aliyeitwa Henry Foe, mwenye kazi hiyo hiyo, aliyeishi Aldgate. Kitabu kinanukuu orodha za vifo zilizotolewa kila juma na parokia. Kwa hesabu hizo tauni iliua watu 68,596 mwaka ule, na wasiohesabiwa ni wengi. Kwa nini alikiandika 1722? Kwa sababu mwaka 1720 tauni ilikuwa imeingia Marseille, na London ilikuwa ikitetemeka.

Yeyote aliyepita katika miaka ya korona atajikuta humo. Mnunuzi anaitoa nyama kwenye ndoano mwenyewe, na mchinjaji haigusi fedha. Inatumbukizwa katika chungu cha siki. Waganga wa uongo wanabandika matangazo ukutani. Mfalme na watu wake wamehamia Oxford. Nyumba yenye mgonjwa inafungwa, wazima na wagonjwa pamoja, inatiwa msalaba mwekundu mlangoni na mlinzi nje. Msimulizi anabishana na nafsi yake kama amri hiyo inaokoa watu au inawaua, na anaegemea kuipinga. Kibarua anatoka kutafuta riziki kwa kuwa njaa haingoji. Wasomaji wengi waliamini ni kumbukumbu ya kweli ya aliyekuwapo. Hakuwapo. Lakini takwimu, mitaa na amri za meya ni za kweli. Ufundi wa kimbunga cha 1703 na ufundi wa kijitabu cha 1702 umekutana hapa, na safari hii hakuna aliyempeleka mkataleni.

Baada ya Roxana, mwaka 1724, hakuandika tena riwaya yenye uzito. Alitoa kitabu kikubwa cha safari zake ndani ya Uingereza, na kingine cha kuwafundisha vijana biashara, yeye aliyefilisika, na huenda ndiyo maana kinafundisha vizuri. Kwa kuwa mara nyingi alificha jina lake, wataalamu walifikia kumbebesha zaidi ya vitabu na vijitabu 500. Siku hizi wamepunguza sana.

Alikufa tarehe 24 Aprili 1731 katika chumba cha kupanga, kichochoro cha Ropemaker's Alley, alikokuwa amejificha kwa ajili ya deni la zamani. Walimzika Bunhill Fields, makaburi ya Waliojitenga, na aliyeandika daftari la mazishi alikosea jina. Nguzo ya mawe iliyoko pale leo ilisimamishwa mwaka 1870 kwa michango ya wasomaji, watoto wengi wakiwamo.

Msikilizaji, ukipata nafasi ya kumsoma Defoe, usianze na Crusoe, kwani Crusoe umeshasimuliwa. Anza na kitabu cha tauni. Kisome ukijua kwamba mwandishi anakudanganya kuhusu yeye ni nani, kisha utafute mahali ambapo amekudanganya kuhusu jambo lingine lolote. Hapatakuwa pengi.